Mzee Taratibu na Matundu Manane ya Bikizee

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi katika karakana ya shamba letu, fundi mkuu wa matrekta anastaafu. Ofisini ana jina lake kamili, lakini ukilitaja getini mlinzi atakuuliza unamtafuta nani. Kuanzia meneja hadi wakamuaji wa ng'ombe, sote tunamjua kwa jina moja tu: Mzee Taratibu. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mkerezaji wa karakana, niandike wasifu wake kwa sababu meza yangu na yake zimetazamana tangu nilipoajiriwa. Nimekubali. Ila nilimwambia mwenyekiti mapema kwamba akitaka wasifu wa kuchekesha watu mwanzo hadi mwisho, amtafute mwingine.

Alifika hapa akiwa kijana mwembamba, akapewa ndoo ya mafuta ya taa na burashi, akaambiwa aoshe vipuri. Alivyoviosha ndivyo alivyovipanga sakafuni, kwa mfuatano ule ule vilivyotoka kwenye injini, na mafundi wa wakati huo wakawa wanampitia wakimuuliza kama anatandika meza ya harusi. Baada ya muda wakaacha kumcheka, maana yeyote aliyepotewa na kipuri alikuwa anakwenda kumuuliza yeye.

Jina alijipa mwenyewe bila kujua. Alipopandishwa kuwa fundi, neno lake kwa kila aliyeshika spana lilikuwa hilo moja. Unafungua nati iliyoshika kutu, taratibu. Unarudisha kifuniko cha injini, taratibu. Siku moja karani wa stoo alikuwa anakimbilia msalani ameshika tumbo, Mzee akamwambia taratibu, nasi tukacheka hadi mashine yangu ikabaki inakereza hewa.

Adui yake mkubwa alikuwa bomba. Madereva wengi wakiona nati ngumu huchomeka bomba refu kwenye mkono wa spana, wakaning'inia hapo wawili wawili. Mzee Taratibu aliliita bomba hilo mchawi. Alilitafuta kila lilikofichwa, na mwishowe akaondoka nalo mchana kweupe begani, akalipeleka kwake. Hadi leo ni nguzo ya kamba ya kuanikia nguo za mkewe, ambaye sisi wote humwita Shangazi, na madereva wakipita pale huinamisha macho.

Kwa wageni wetu wasiojua mambo ya gereji, nieleze kidogo kwa nini alilichukia. Ndani ya tundu la bolti kuna mistari iliyochongwa kuzunguka, tunayoiita uzi. Bolti hujishika kwenye uzi huo. Ukikaza kwa pupa, au bolti ikikaa imelegea ikichezacheza mwaka baada ya mwaka, uzi hulika. Hapo tunasema uzi umekufa. Bolti utaiona imekaa mahali pake, kichwa kimetulia, lakini ndani haijashika kitu. Mzee alikuwa akisema kwamba bolti ya namna hiyo ni mtu anayekuitikia kila unachosema na hakusikilizi.

Naomba sasa niwakumbushe mdogo wake.

Wafanyakazi wa zamani hawahitaji kukumbushwa. Alikuwa dereva, na tulimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Akiwa juu ya trekta aliimba, aliwasalimia watu walioko shamba la pili, aliwatania ng'ombe. Kaka yake ndiye aliyemleta kazini. Walikuwa wa mama mmoja na baba mmoja, lakini ungedhani mmoja alipewa maneno yote na mwingine akaachiwa hilo moja la taratibu. Mke wa Kasuku alifanya kazi chumba cha maziwa, na bado yupo hapo.

Trekta la Kasuku lilikuwa lile kuukuu jekundu, kubwa kwa umri kuliko nusu ya wafanyakazi wa shamba, ndiyo maana likaitwa Bikizee. Kasuku alikuwa akimwamkia kila asubuhi kabla ya kumwasha, shikamoo bibi, na akikohoa moshi mweusi humwambia pole. Matrekta ya zamani kama yeye hayana fremu. Injini yenyewe ndiyo uti wa mgongo, na chuma kizito kinachobeba ekseli ya mbele hufungwa usoni mwa injini kwa bolti nane. Uhai wa dereva uko kwenye hizo nane.

Mwaka ule Mzee Taratibu alichukua likizo kumuuguza Shangazi. Akiwa hayupo, bolti za mbele za Bikizee zikaanza kulegea, na kwa kuwa mavuno yalikuwa yamefika shingoni, akaitwa fundi wa nje. Fundi yule alikuta matundu manne nyuzi zimekufa. Badala ya kusema, alizizungushia bolti waya mwembamba wa shaba, akajaza gundi ya chuma, akazikaza, akapaka rangi juu, akaenda zake. Mzee aliporudi aliambiwa tu kwamba Bikizee alikazwa mbele. Alichukua spana akazipima zote nane, moja moja. Zilikuwa ngumu kama jiwe. Gundi ilikuwa bado mpya, haijaanza kuachia.

Siku moja, kabla mavuno hayajaisha, Kasuku alikuwa anateremka kutoka shamba la juu akivuta tela lililojaa mahindi. Bolti zikang'oka. Ekseli ya mbele ikabaki nyuma, pua ya Bikizee ikachimba ardhi, na tela likamsukuma kutoka nyuma. Wavunaji waliokuwa karibu walisema walimsikia akiimba, kisha hawakumsikia.

Tulikimbia kutoka karakana. Mzee Taratibu hakukimbia vizuri, alikuwa kama mtu anayekimbia ndani ya maji. Walipokwisha kumpakia ndugu yake kwenye gari, na kila mtu akijua kwamba gari lile halikuwa na haja tena ya kwenda kasi, yeye alirudi kwa Bikizee. Akapiga magoti kwenye udongo. Akaokota bolti, akaona waya wa shaba umejiviringa juu yake, akauvuta kwa vidole, ukatoka mrefu. Alivua kofia yake, akatia bolti zote ndani, akaondoka nazo.

Msibani hakulia. Alipokea watu, akapanga viti, akahakikisha maji ya kunywa yapo. Tulidhani ni ujasiri.

Bikizee aliburutwa hadi nyuma ya stoo, karibu na tangi la maji, akaachwa pale ameinamisha pua. Ofisi ilikuwa na mambo mengine. Mvua zikanyesha, zikaisha, zikanyesha tena. Sisi tulijifunza kupita bila kutazama. Lakini mke wa Kasuku alikuwa akichota maji ya kuoshea makopo ya maziwa kwenye tangi hilo hilo, asubuhi na jioni.

Siku moja aliingia karakana akiwa na ndoo tupu mkononi, akasimama mbele ya meza ya Mzee. Mimi nilizima mashine.

"Shemeji," alimwambia, "nimekuja kukuomba. Lile trekta ama likatwe ama litembee. Kusimama machoni pangu vile kila siku, mimi sasa siwezi."

"Meneja anataka kuliuza kama chuma chakavu," Mzee alisema. "Wakija kulikata utasikia sauti hadi chumba cha maziwa."

"Nitaziba masikio."

"Na wewe mwenyewe unataka nini?"

Mama yule aliweka ndoo chini. "Mume wangu alikuwa analiamkia. Sasa linatazama chini kama ndilo lililokosa. Mimi sijui, shemeji. Fanya unachoweza."

Kesho yake Mzee Taratibu alikwenda kwa meneja akaomba Bikizee asikatwe. Meneja, yule aliyetangulia kabla ya huyu wa sasa, alimwambia kwa upole kwamba hakuna dereva atakayekubali kulipanda. Mzee akajibu kwamba hilo waliache, kwanza litengenezwe. Jioni hiyo Shangazi alinivizia getini. Aliniambia mumewe halali vizuri, anainuka na kukaa kitandani akikunja na kukunjua mkono wa kulia. "Mwangalie huko kazini," aliniambia. "Nyumbani nitamwangalia mimi."

Kazi yenyewe haikuwa ngeni kwetu. Tundu lililokufa uzi hulitupi. Unalisafisha, unalitoboa kuwa kubwa zaidi, kisha unachonga uzi mpya kwa tepu, kile kikatio chenye meno kinachozungushwa kwa mkono. Ndani yake unafunga bushi ya chuma yenye uzi nje na ndani, na bolti ya zamani inapata nyumba mpya. Ugumu ni kwamba injini ya Bikizee ni ya chuma cha kumimina, chuma kisichojua kupinda, hujua kukatika tu. Ukitoboa tundu likakaa upande kidogo, bolti zote nane hazitakutana na mahali pake.

Manne ndiyo yaliyokufa, lakini Mzee alisema atafanya yote manane. Alitumia patasi ndogo kutoa gundi ya fundi yule, punje baada ya punje, na kila kilichotoka alikipokea kwenye kiganja badala ya kukiacha kianguke. Kuchonga bushi ilikuwa kazi yangu. Nilikereza nane, nikampelekea, nikarudi kwenye meza yangu nikiwa na raha ya mtu aliyemaliza. Baada ya muda akaja nazo kwenye kofia.

"Dada, hizi zinacheza."

Nilikasirika kidogo, maana ninaijua kazi yangu. "Zinacheza kiasi gani, Mzee? Hata karatasi haipiti."

"Kiasi cha mtu kufa," alisema.

Nilizitupa zote kwenye pipa la chuma chakavu, nikaanza upya. Sikumkasirikia tena hadi leo.

Akafanya tundu la kwanza, la pili, la tatu. Alitoboa huku kipimo cha pembe mraba kimesimamishwa ubavuni mwa kekee, akisimama kila mara kutazama. Kwenye tepu alikuwa akizungusha nusu mbele, kisha anarudi nyuma kidogo kuvunja machicha ya chuma, anatia tone la mafuta, anaendelea. Nilizoea sauti ile, ikawa kama saa ya ukutani. Ndiyo maana ilipokatika niliisikia. Alikuwa kwenye tundu la sita. Ulisikika mlio mdogo, kama wa mtu anayevunja kijiti.

Tepu ilikuwa imevunjikia ndani.

Asiyejua gereji anaweza kuona ni jambo dogo. Lakini tepu iliyovunjikia tunduni ni ngumu kuliko kekee yoyote ya kuitoboa, na ukiilazimisha unapasua injini. Mzee Taratibu alitazama kipande kilichobaki mkononi. Halafu akakaa sakafuni palepale kwenye oili, mgongo kwenye gurudumu la Bikizee, akalia. Alilia kwa sauti. Kilio chote ambacho hakikutoka msibani kilitoka siku ile, na mafundi wanaume wazima walitoka nje mmoja mmoja wakijifanya wanatafuta kitu.

Mimi nilikwenda chumba cha maziwa.

Mke wa Kasuku alikuja hivyo hivyo na aproni yake, akakaa sakafuni karibu naye bila kujali oili. Baadaye Mzee akasema, "Nilizishika zote. Kwa mkono huu. Zilikaza."

"Najua, shemeji."

"Ningeifungua moja tu. Moja tu ningeifungua, ningeuona ule waya."

"Zilikudanganya wewe, zikamdanganya na yeye," alisema mama yule. "Huyo aliyepaka rangi alijua. Wewe hukujua. Mimi sijawahi kulala hata siku moja nikiwaza kwamba ni wewe. Sasa inuka, unakalia oili, Shangazi atakuja kutugombeza sote."

Mzee alicheka katikati ya kamasi. Ndivyo ilivyokuwa, na sioni sababu ya kuificha.

Fundi wetu wa kuchomelea ndiye aliyeokoa tundu la sita. Alichomelea nati juu ya kisiki cha tepu, ikang'oka. Akachomelea nyingine, ikang'oka. Ya tatu akaiacha ipoe hadi ikawa baridi kabisa, na Mzee akaishika kwa spana ndogo, akaitikisa mbele na nyuma, mbele na nyuma, jasho likimdondoka puani, hadi kisiki kikaanza kutoka. Tulipiga makofi kama watu wa mpirani.

Bikizee alipofungwa, Mzee hakumwomba dereva yeyote. Alifunga tela lililojaa mahindi, akapanda mwenyewe, akaenda shamba la juu, akageuza, akateremka. Sote tulikuwa tumesimama kwenye uzio, mke wa Kasuku amemshika Shangazi mkono. Alishuka kwa gia ya chini, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na dereva wa kuambiwa naye taratibu. Alipofika chini alizima injini, akachukua spana, akazipima bolti zote nane. Kisha akaondoa moja kabisa, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha. Baada ya hapo dereva wa kwanza aliomba kulipanda, na wa pili akalalamika kwa nini hakuombwa yeye.

Miaka iliyofuata ilikuwa miaka mizuri. Alipata cheti cha mfanyakazi bora, akakitundika juu ya pipa la grisi mahali ambapo hakuna mtu angekisoma. Alifufua pampu ya umwagiliaji iliyokwisha kuandikiwa kufa. Alifundisha mafundi ambao leo wameenea kwenye mashamba mengine, na ukimpigia simu mmoja wao ukamuuliza hali, atakujibu anakwenda taratibu. Na katika miaka hiyo yote sijawahi kumwona akikaza bolti ya mtu mwingine bila kwanza kuifungua.

Sasa nifike kwenye sababu ya kuagana naye mapema, kwa kuwa wengi mmeniuliza kwa nini anaondoka kabla ya umri wake wa kustaafu.

Ilianza kwa nati kumdondoka. Alikuwa akiendelea kuzungusha vidole hewani bila kujua kwamba nati imekwisha kuanguka. Tulidhani ni uzee, tukamtania. Kisha nikamwona anaangalia mikono yake anapofanya kazi, yeye ambaye zamani alifunga bolti za nyuma ya injini akiwa anaongea nawe usoni. Hospitali walimwambia ni mishipa ya fahamu, kwamba mikono imechoka kwa mitetemo na nyundo za miaka mingi, na kwamba vidole vikishapoteza hisia ni vigumu hisia hizo kurudi.

Mwanzoni mwa mwaka huu alikuwa anafunga kifuniko cha ubavuni cha trekta la bluu. Nilikuwa namtazama. Akakaza, akaendelea kukaza, na ghafla spana ikaenda laini. Kila mtu wa kazi hii anaujua ulaini huo, unausikia mkononi. Yeye hakuusikia. Alizungusha tena mara mbili kabla ya macho yake kumwambia kilichotokea.

Aliweka spana mezani, akafuta mikono, akaenda ofisini. Meneja ndiye aliyetusimulia. Mzee alisimama mlangoni akasema, "Leo nimeua uzi. Mkono haukuniambia."

Meneja alimsihi. Alimwambia abaki kama msimamizi, akae kwenye kiti, akague tu kazi za wengine.

"Nitaikagua kwa mkono gani?" aliuliza Mzee Taratibu. "Bolti zilishanidanganya nikiwa na mkono mzima."



Kabla ya kuanza kukusanya vifaa vyake aliniita kwenye trekta la bluu. Alitaka tundu lile lirekebishwe, na alitaka nilirekebishe mimi. Nilitoboa, yeye akanishikia taa. Nilipoingiza tepu akaniambia, "Dada, niambie unavyosikia."

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa, nikaanza kuzungusha.

"Imegusa," nilimwambia. "Inauma chuma. Sasa inakwenda. Sasa ni nzito, narudi nyuma. Imelegea. Naenda tena." Alikuwa amefumba macho huku ameshika taa, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani kutoka mbali. Nilipoingiza bushi, na bolti, na kukaza, nilimwambia kila kitu hadi mwisho. "Sasa imeshika, Mzee. Imeshika kweli."

"Ifungue tuione," alisema.

Niliifungua. Tukaiona. Nikaifunga tena.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunakushukuru, Mzee wetu. Tunamshukuru mke wa marehemu Kasuku, aliyekubali kisa hiki kiandikwe, na akasoma karatasi hizi kabla ya mtu mwingine yeyote. Mzee, hukuwahi kutuomba tukupende, ila tumekupenda. Nenda ukapumzike na afya, uamke utakapoamka, na mlango wa karakana hauna kufuli kwako.

Na wewe Shangazi, tunakurudishia mumeo. Kila asubuhi ulituazima mikono iliyojua kila kitu kwa kugusa, na tunaona aibu kukurudishia mikono isiyojua kama chai ni ya moto. Ukimmiminia, tafadhali kishike kikombe wewe kwanza hadi kipoe kidogo, ndipo umpe. Atakuambia hakuna haja. Usimsikilize.